Barua ya wazi kwa Wizara ya Afya na TAMISEMI: Mtu mzima anayekojoa damu asiandikiwe tena UTI akarudishwa nyumbani

Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya TAMISEMI,
Waganga Wakuu wa Mikoa na Wilaya za Kanda ya Ziwa,

Salamu na heshima kwenu. Mimi ni afisa tabibu. Natibu watu katika eneo la majaruba ya mpunga na malambo ya kunyweshea ng'ombe, na nimezaliwa na kukulia huku huku. Nawaandikia kuhusu saratani ya kibofu cha mkojo, hasa ile inayotokana na kichocho cha muda mrefu.

Nimeamua kuandika hadharani kwa sababu ugonjwa huu unatoa taarifa mapema. Dalili yake ya kwanza ina rangi. Mgonjwa anaiona mwenyewe chooni, anaogopa, anafunga safari, anaileta hadi mbele ya meza ya daktari. Kitabuni inaandikwa UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, anapewa vidonge vya sipro vya kuua bakteria vya siku saba, anaondoka. Miezi inapita, anarudi, inaandikwa kichocho. Anarudi tena, UTI. Siku anayofika kwa daktari bingwa wa mfumo wa mkojo, uvimbe umeshaingia kwenye msuli wa kibofu, na mazungumzo yanayobaki ni ya kuondoa kibofu chote, kama hata hilo bado linawezekana.

Ombi langu nalisema mapema ili anayesoma kwa haraka asilikose. Toeni waraka kwa zahanati na vituo vyote vya maeneo ya kichocho, useme hivi: mtu wa miaka 35 na kuendelea anayekojoa damu atatibiwa minyoo na maambukizi kama kawaida, lakini kesi yake haifungwi mpaka kibofu chake kimeangaliwa.

Kwa wasiokulia huku, nieleze ugonjwa wenyewe. Kichocho cha mkojo kinaletwa na mnyoo uitwao Schistosoma haematobium. Vimelea vyake vinakuzwa na konokono wadogo wa jamii ya Bulinus, wanaoishi kwenye malambo, mifereji na vijito visivyokwenda kasi. Mtoto akiingia majini kuogelea, mama akisimama kwenye jaruba kupandikiza mpunga maji yakimfika magotini, vimelea vinapenya ngozi. Minyoo ikikomaa inakaa dume na jike kwenye mishipa midogo ya damu inayozunguka kibofu, na jike anataga kila siku kwa miaka. Yai lina mwiba nchani. Mayai mengine yanatoboa ukuta wa kibofu na kutoka na mkojo, ndipo damu inapoonekana. Mengine yananasa ukutani. Hapo ukuta unavimba, unapona kwa kovu, unavimba tena, unakakamaa. Hali hiyo ikiendelea kwa miongo, seli za ukuta zinaanza kubadilika. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, IARC, liliuweka mnyoo huu kundi la kwanza mwaka 1994, yaani miongoni mwa vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Moshi wa sigara uko kundi hilo hilo.

Watu wengi wakisikia Kanda ya Ziwa na kichocho wanawaza ufukweni. Kando kabisa ya Ziwa Victoria kinachotawala ni kichocho cha tumbo, cha Schistosoma mansoni, na madhara yake makubwa yako kwenye ini. Hiki cha mkojo kimejaa bara zaidi, kwenye maji ya malambo na mashamba ya mpunga ya Misungwi, Kwimba, Maswa na Shinyanga. Kipo pia Unguja, Pemba na ukanda wa pwani ya bara. Kwa hiyo ninayoyaandika yanamhusu na Waziri wa Afya wa Zanzibar, nikimwomba radhi kwa kutomtaja juu.

Kuna kizazi kimoja ambacho naona kimesahaulika. Watoto wa leo wanapewa prazikwanteli, dawa ya kichocho, shuleni. Mwalimu anasimamisha fimbo ya kupimia kimo, mtoto anasimama mgongo wima, anahesabiwa vidonge vyake, anameza vile vidonge vikubwa vichungu akiwa ameshiba. Mwaka 2001 Baraza la Afya Duniani lilipitisha azimio la kuwafikia angalau asilimia 75 ya watoto wa umri wa shule walio hatarini, na Tanzania iliingia kwenye kazi hiyo kwa nguvu. Nawapongeza waliofanya kazi hiyo, na nimeona matunda yake kwa wadogo zangu. Lakini aliyezaliwa Kwimba mwaka 1970 alimaliza darasa la saba muda mrefu kabla ya fimbo ile kufika shuleni kwake. Yeye aliogelea kwenye lambo kila siku ya kuchunga, akakojoa damu akiwa na miaka tisa, na wenzake wakamwambia ndiyo kukua kwenyewe. Leo ana zaidi ya miaka 50. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, WHO, wa mwaka 2022 umepanua dawa hadi kwa watu wazima na watoto kuanzia miaka miwili, na hilo ni jema. Ila prazikwanteli inaua minyoo. Kovu la miaka thelathini haliliondoi, wala uvimbe ulioota juu ya kovu hilo.

Hawa ndio ninaowaombea uchunguzi wa mapema: waliozoea kuingia kwenye maji ya malambo kabla ya kampeni za dawa shuleni, walio kati ya miaka 35 na 70 sasa hivi, wakulima wa mpunga, wafugaji, wavuvi wa kamongo na kambale kwenye mabwawa. Hatuhitaji kupima nchi nzima, na hakuna nchi ninayoijua inayopima saratani ya kibofu kwa kila raia. Ushahidi hauungi mkono jambo hilo, na mimi siliombi. Ninachoomba ni kuwatazama kwa makini watu ambao historia yao tunaijua, hasa wanapokuja wenyewe wakiwa na dalili.

Niwaoneshe jinsi inavyokuwa mezani. Huku mgonjwa anatembea na daftari la shule kama faili lake la matibabu. Kila kituo alichopita kinaandika humo, kinapiga muhuri, anaenda nalo. Mama mmoja, mkulima wa mpunga, umri wake chini ya miaka 50, alinipa daftari lake nikalisoma kuanzia mwanzo. Ukurasa wa kwanza, maumivu ya chini ya kitovu, UTI, sipro. Ukurasa uliofuata, kituo kingine, PID, yaani maambukizi ya via vya uzazi, sindano na vidonge. Kisha mkojo wenye damu, kichocho, prazikwanteli. Halafu mapumziko marefu bila maandishi. Halafu UTI tena, dawa kali zaidi. Miandiko tofauti, mihuri tofauti. Kila aliyeandika alitibu alichokiona siku hiyo, na ukurasa mmoja mmoja ukiusoma peke yake haushangazi. Ukiyasoma yote kwa pamoja ndipo unaona.

"Mama, ile damu iliacha lini?"

"Iliacha nilipomeza vile vidonge vikubwa, daktari. Nikajua nimepona. Ikarudi wakati wa mavuno."

Hapo ndipo mtego ulipo, na naomba kila muuguzi na tabibu anayesoma barua hii aushike. Damu ya saratani ya kibofu inakuja na kuacha yenyewe. Mara nyingi haina maumivu yoyote mwanzoni. Ikiacha baada ya dawa, dawa inapewa sifa, mgonjwa anashukuru, na uvimbe unaendelea kukua. Damu kukoma si jibu kwa mtu wa umri huo. Yule mama alipofanyiwa utrasaundi ilionekana kitu kimeota kwenye ukuta wa kibofu, na figo moja ilikuwa imeshavimba kwa sababu mkojo ulikuwa haupiti.

Hadithi hiyo si ya mtu mmoja. Mwaka 2013 madaktari wa Hospitali ya Bugando, Mwanza, walichapisha mapitio ya wagonjwa 185 wa saratani ya kibofu wa kaskazini magharibi mwa nchi yetu. Wastani wa umri wao ulikuwa kama miaka 54. Zaidi ya nusu, asilimia 55, walikuwa na saratani ya seli bapa, ambayo madaktari wanaiita skwamasi, aina ambayo ni nadra kwenye vibofu vya watu wa Ulaya na ambayo inafungamana na kichocho. Katika karibu asilimia 45 ya wagonjwa wote, mayai ya kichocho yalionekana kwenye kinyama kilichopimwa. Waliokuwa na mayai mara nyingi walikuwa chini ya miaka 50, na wengi wao saratani ilikuwa imeshaingia kwenye msuli siku ilipogunduliwa. Wanawake walizidi kidogo nusu ya wagonjwa wote. Ulaya wanaume wanaougua saratani hii ni mara tatu au nne ya wanawake, na vitabu vyetu vingi vya mafunzo vimeandikwa kwa kutazama hali ya huko. Mwanafunzi anafundishwa kumtafuta mzee mwanamume mvutaji sigara. Mbele yake, hapa Misungwi, anakaa mama wa miaka 46 ambaye hajawahi kushika sigara.

Msuli huo ninaoutaja ndio unaoamua maisha ya mtu. Uvimbe ukiwa bado kwenye utando wa ndani, daktari bingwa anaweza kuukwangua kwa kifaa kinachopita njia ya mkojo, mgonjwa akarudi nyumbani na kibofu chake, akawa anaangaliwa kila baada ya miezi michache. Ukishaingia kwenye msuli, tiba ni kuondoa kibofu chote na kutengeneza njia mpya kwa kipande cha utumbo, mara nyingi mkojo ukitokea kwenye mfuko unaobandikwa tumboni maisha yote. Aina ya skwamasi haisikii sana kemo wala mionzi, kwa hiyo tegemeo kubwa ni upasuaji. Mfikirieni mkulima anayeshinda shambani juani, kilomita nyingi kutoka duka la dawa, akiwa na mfuko huo. Wapo wanaoishi hivyo na wanastahili heshima zote, ila tungeweza kuwakuta mapema.

Kitu cha kuanzia tunacho. Ni kijiti cha kupimia mkojo. Unakichovya kwenye kikopo, unakitoa, unakilaza, unasubiri kama dakika moja. Kiboksi cha damu kinatoka kwenye njano, kinapata madoadoa ya kijani, na damu ikiwa nyingi kinakuwa kijani kizito chote. Hakihitaji umeme wala mtaalamu wa maabara. Vijiti hivyo tunavitumia kila siku kwa wajawazito kuangalia protini na sukari, na kwenye kile chenye vipimo kumi kiboksi cha damu kimo, kinabadilika rangi mbele ya macho yetu. Kwenye kliniki ya presha na kisukari mkojo unapimwa vile vile. Wanawake wanaokuja kuchunguzwa saratani ya mlango wa kizazi kwa siki wako umri ule ule ninaousema, wameshafika, wameshapanda kitandani, na hakuna anayewaomba mkojo. Baadhi yao wana kichocho cha sehemu za siri pia, ambacho kinavuja damu na kuwaka, wakatibiwa magonjwa ya zinaa wasiyokuwa nayo huku ndoa zao zikiingia matatani. Kikopo kimoja cha mkojo kingefungua mazungumzo mawili kwa wakati mmoja.

Tatizo ni kwamba vijiti vinaisha. Vikiisha, mgonjwa anaambiwa akanunue kipimo nje, na asipokuwa na hela anatibiwa kwa kukisia. Naomba vijiti vya mkojo viwekwe kwenye orodha ya vitu ambavyo kituo kikivikosa Mganga Mkuu wa Wilaya anaulizwa, kama anavyoulizwa akikosa dawa ya malaria.

Sasa nije kwenye mahema ya upimaji wa bure, kwa sababu najua nitaambiwa serikali inafanya mengi na ni kweli inafanya. Kwenye viwanja vya Nane Nane na kwenye wiki za maadhimisho watu wanapanga foleni kupima presha, sukari na, kwa wanaume, tezi dume. Saratani ya tezi dume ndiyo inayoongoza kwa wanaume wa nchi hii. Wengi wanafika hospitali ikiwa imeshaingia kwenye mifupa, mgongo unauma usiku, miguu inakufa ganzi, mkojo umeziba. Kumleta mwanaume wa miaka 50 kwenye hema akubali kutolewa damu ni ushindi, hasa tukikumbuka jinsi wanaume wanavyokimbia wakisikia habari ya kipimo cha kidole. Mahema hayo yaendelee.

Lakini fuatilieni kinachotokea baada ya hema. Mwalimu mstaafu mmoja alinionesha karatasi aliyoikunja kwenye pochi pamoja na kitambulisho chake cha taifa. Imeandikwa PSA 11, kipimo cha damu cha tezi dume. Hakuna jina la aliyempima, hakuna maelezo, hakuna pa kwenda.

"Hii namba ni nzuri au mbaya, kijana wangu?"

"Mzee wangu, peke yake haisemi yote. Inabidi ufuatiliwe."

"Nifuatiliwe wapi?"

PSA inapanda kwa saratani. Inapanda pia kwa tezi iliyotanuka tu kwa uzee, kwa maambukizi, na kwa mtu aliyewekewa mpira wa mkojo. Kawaida tunashtuka ikipita 4, lakini mwenye 11 anahitaji kurudia kipimo, kuchunguzwa, na mara nyingi kuchukuliwa kinyama. Utafiti mkubwa wa Ulaya ulioanza miaka ya 1990 umewafuatilia wanaume zaidi ya 160,000 kwa miaka 23. Umeonesha kwamba upimaji wa PSA ulipunguza vifo vya saratani ya tezi dume kwa asilimia 13, na kwamba kifo kimoja kilizuiwa kwa kila wanaume 456 walioalikwa kupimwa. Faida ipo, na wanaume wenye asili ya Afrika wako kwenye hatari kubwa zaidi, kwa hiyo tuna sababu ya kuitafuta. Ila faida hiyo ilipatikana mahali ambapo mwenye PSA kubwa alichukuliwa kinyama, akapata majibu, akatibiwa. Yule mwalimu amepewa wasiwasi peke yake.

Mwaka 1968 WHO ilichapisha kanuni za kuchunguza magonjwa kabla hayajajitokeza, zilizoandikwa na Wilson na Jungner, na mpaka leo ndizo zinazotumika duniani. Mojawapo inataka huduma za kuthibitisha na kutibu ziwepo. Nyingine inasema kutafuta wagonjwa ni kazi endelevu, haipaswi kuwa tukio la mara moja. Naomba kila kambi ya upimaji, ya serikali au ya mfadhili, isipewe kibali mpaka ioneshe kwa maandishi mwenye majibu yasiyo ya kawaida ataenda hospitali gani, tarehe gani, na nani atamlipia. Na taarifa ya mwisho ya kambi isiishie kwenye idadi ya waliopimwa. Iseme wangapi walikutwa na tatizo na wangapi kati yao walifika kwa bingwa.

Misri wamepita njia hii kabla yetu. Mnyoo wenyewe uligunduliwa Cairo mwaka 1851 na daktari Mjerumani, Theodor Bilharz, na mayai yake yamekutwa kwenye maiti za kale zilizokaushwa za huko. Kwa miongo mingi saratani ya kibofu ndiyo iliyokuwa saratani kubwa ya wanaume wa Misri. Kuanzia miaka ya 1950 serikali yao iliendesha kampeni za kutibu kichocho kwa sindano, na sindano zisizotakaswa vizuri zikasambaza homa ya ini aina ya C kwa watu wengi mno, jambo lililowagharimu hadi kizazi cha wajukuu. Baadaye ikaja prazikwanteli ya kumeza, kichocho kikashuka, na miaka mingi baada ya hapo saratani ya seli bapa nayo ikashuka. Inatia moyo. Lakini kati ya kushuka kwa kichocho na kushuka kwa saratani kulikuwa na kundi kubwa la watu ambao kovu lilikuwa limeshaingia. Sisi tuko kwenye miaka hiyo ya katikati sasa.

Turudi kwenye waraka. Naomba uwe mfupi, kwa Kiswahili, wa kusomeka na muuguzi aliye peke yake zahanati. Mgonjwa wa miaka 35 na kuendelea mwenye damu inayoonekana kwa macho: apewe prazikwanteli, atibiwe maambukizi kama yapo, na barua ya rufaa iandikwe siku hiyo hiyo. Asiambiwe asubiri kuona kama damu itaacha. Mwenye damu iliyoonekana kwenye kijiti tu: atibiwe, arudie kipimo baada ya wiki sita, na kama bado ipo aende. Kwa mwanamke hakikisheni si damu ya hedhi, kisha kanuni ni ile ile. Uingereza mwongozo wao unamtaka mtu wa miaka 45 na zaidi mwenye mkojo wa damu usio na sababu apelekwe haraka kwa bingwa. Mimi nimetaja 35 kwa sababu kichocho kinaleta saratani kwa watu wadogo zaidi. Wataalamu wenu wakiona iwe 40, sitabishana nao, mradi umri utajwe na sheria iwepo. Na asiyefika umri huo lakini damu inarudi rudi naye asiachwe.

Rufaa yenyewe iende mahali penye kitu. Hapa ndipo naomba fedha. Utrasaundi sasa ipo vituo vingi vya afya, na mpimaji aliyefundishwa kuangalia kibofu kilichojaa mkojo anaweza kuona uvimbe mwingi. Lakini uvimbe mdogo, ule tunaoutaka hasa, unaonekana kwa sistoskopi, kamera nyembamba inayopitishwa njia ya mkojo hadi ndani ya kibofu. Mgonjwa wa Maswa haipaswi asafiri hadi Mwanza au Moshi kwa ajili ya kuangaliwa tu. Kila hospitali ya rufaa ya mkoa katika mikoa ya kichocho ipate kamera hiyo na daktari wa upasuaji aliyefundishwa kuitumia, na siku moja ya wiki itengwe kwa kazi hiyo. KCMC, hospitali ya rufaa ya Moshi, wana taasisi ya mfumo wa mkojo inayofundisha mabingwa. Watumieni kufundisha na hawa wa mikoani. Na madaktari bingwa wanaozunguka kwenye halmashauri wabebe kamera katika msafara, wakute orodha ya majina imeshaandaliwa na vituo, badala ya kuanza kuwatafuta wagonjwa kwa kipaza sauti.

Kinyama kikishachukuliwa, majibu yasichukue miezi. Huku watu wanauza ng'ombe kwa ajili ya nauli na kitanda cha rufaa, na ng'ombe wakiisha wanarudi nyumbani majibu yakiwa bado njiani. Kwa kuwa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote imepitishwa tangu mwaka 2023, naomba kitita cha msingi kiseme wazi kwamba sistoskopi, kinyama na majibu yake kwa mtu mwenye mkojo wa damu vinalipiwa. Msiviache kwenye vipimo vya nyongeza.

Kwenye rejesta zetu za MTUHA, mfumo wa taarifa za afya, naomba safu moja tu: mtu mzima, damu kwenye mkojo, amepelekwa wapi, amefika au hajafika. Leo ukitaka kujua mgonjwa mmoja ameandikiwa UTI mara ngapi kwa mwaka, inabidi uombe daftari lake la shule. Mkiwa na safu hiyo, mtaweza kupima kitu ambacho kwangu kina maana kuliko idadi ya waliopita kwenye hema: siku zilizopita kati ya damu ya kwanza kuripotiwa na kamera kuingia kibofuni.

Nigusie na watoto, japo wanastahili barua yao. Mtoto wa chini ya miaka mitano mwenye tumbo lililovimba upande mmoja, anayesemekana ana bandama au minyoo, apelekwe haraka. Inaweza kuwa saratani ya figo ya watoto, ya Wilms, na hiyo ikiwahiwa inapona vizuri sana. Muuguzi wa kliniki anampima mtoto uzito kila mwezi. Akipapasa na tumbo, inatosha kuanzia.

Najua mafungu ni machache na maombi ni mengi. Kamera na patholojia vitachukua muda na mipango ya bajeti, naelewa. Waraka hauhitaji bajeti. Ni ukurasa mmoja, unaweza kusainiwa mwezi huu, kabla msimu wa kupandikiza mpunga haujaanza na watu hawajarudi kwenye majaruba. Ukitufikia, sisi wa vituoni tutaanza nao asubuhi yake, kwa vijiti tulivyonavyo na barua za rufaa za mkono kama hakuna fomu.

Wenu katika utumishi,

Afisa tabibu, kituo cha afya, Kanda ya Ziwa